Sitakuja, Nitakuja: Nilivyojifunza Aina za Vifaa vya Kusikia

Najua nimepotea kwa miezi kadhaa, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa kwenye barabara ya Kitale kwenda Bungoma karibu kila wiki kwa sababu ya masikio ya Baba. Leo nitawaeleza niliyojifunza, maana nimegundua kwamba watu wengi, mimi nikiwa wa kwanza, hudhani vifaa vya kusikia ni kitu kimoja: unanunua, unavaa, unasikia. Mambo sivyo yalivyo.

Nianze na kisa chenyewe.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Nikampigia Baba simu nikiwa Kitale, nikamwambia, "Baba, Jumamosi sitakuja." Kazi ya mteja mmoja ilikuwa imenibana. Akajibu, "Vizuri sana, kijana wangu." Nikashangaa kidogo mbona amefurahi, kisha nikarudi kwenye kompyuta yangu.

Jumamosi jioni ndugu yangu mdogo akanipigia. Baba alikuwa ameamka alfajiri, akachinja jogoo, akavaa koti lake la mikutano, akaenda kunisubiri steji ya Kanduyi. Alikaa pale tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, matatu za kutoka Kitale zikija na kupita. Hakunipigia, kwa sababu katikati ya makelele ya steji hasikii simu hata kidogo. Aliporudi nyumbani hakusema neno. Alivua koti, akaenda kulala.

Mimi nilisema "sitakuja". Yeye alisikia "nitakuja". Herufi moja tu!

Baba aliendesha poshomili sokoni Chwele kwa zaidi ya miaka 30. Kama umewahi kupeleka mahindi kusagwa, unaijua ile sauti: injini ya dizeli, mkanda unaozunguka, na mashine inayopiga punje mpaka kifua chako kinatetemeka. Sisi watoto tulikuwa tukiongea naye kwa ishara za mikono. Hakuna aliyevaa kinga ya masikio. Nani angevaa? Tulidhani mtu huzoea kelele. Ukweli ni kwamba masikio hayazoei, yanachakaa.

Miaka ya karibuni tulianza kuona mabadiliko. Baba ni mtu ambaye watu humwita kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Akaanza kukosa mikutano. Akienda, anakaa kimya, au anajibu swali ambalo halikuulizwa. Wapo waliosema amekuwa na maringo. Wengine walisema akili inaanza kumtoka. Mama ndiye aliyekuwa mkalimani wake, akirudia kila neno tangu asubuhi hadi usiku, na Mama alikuwa amechoka. Ukimwuliza Baba, jibu lake lilikuwa moja: "Ninasikia. Nyinyi ndio mnaonguruma siku hizi, hamsemi maneno." Tulicheka. Kumbe alikuwa ametueleza ugonjwa wake kwa usahihi kabisa, na hakuna aliyemsikiliza.

Kosa langu la kwanza

Kazi yangu ni kuandika programu, na sisi watu wa programu tuna ugonjwa wetu: tukiona tatizo tunakimbilia suluhisho kabla ya kulielewa. Baada ya aibu ya Kanduyi niliingia mtandaoni usiku uleule, nikaagiza kifaa cha bei nafuu chenye picha ya mzee anayetabasamu. Kilipofika nikampelekea Baba. Alikivaa dakika 10 hivi. Mama akaweka sufuria juu ya meza, Baba akaruka kama aliyepigwa kofi. Akakivua, akakitia ndani ya kopo tupu la mafuta ya kupikia, na hakukigusa tena.

Nilimwona mkaidi. Nikamwambia, "Baba, jaribu basi!" Nayasema haya nikiona haya.

Nilichomnunulia hakikuwa kifaa cha kusikia. Kilikuwa kikuza sauti tu: kinachukua kila kitu, mlio wa sufuria, upepo, mbwa na maneno, na kukipandisha chote kwa kiasi kilekile. Ni kama redio ambayo imepoteza stesheni, nawe unaongeza sauti ukitumaini habari zitasikika. Unapata mkwaruzo mkubwa zaidi.

Kipimo kwanza

Ndipo tukaenda kliniki ya masikio mjini Bungoma. Mtaalamu alikuwa mama mmoja mpole, mwenye kuongea taratibu akimtazama Baba usoni. Nilianza kueleza mimi, naye akanikatiza: "Ngoja kidogo, ndugu yangu. Mzee ndiye mwenye masikio." Nikanyamaza.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuchungulia ndani ya masikio kwa taa. Akatoa nta nyingi, imechanganyika na kitu kama vumbi la unga. Akasema kuna watu ambao shida yao inaishia hapo: nta inatolewa, wanasikia, wanakwenda zao nyumbani. Kwa hiyo kabla hujatumia hata shilingi moja kwa kifaa, masikio yaangaliwe.

Kisha Baba akaingizwa kwenye kijumba kisichopitisha kelele, akavikwa visikilizi, akapewa kitufe cha kubonyeza kila akisikia mlio. Matokeo huchorwa kwenye grafu iitwayo odiogramu. Kwenda kulia ni wembamba wa sauti, unaopimwa kwa hezi, kuanzia 250 hadi 8,000. Kwenda chini ni ukubwa wa sauti unaohitajika ili usikie, unaopimwa kwa desibeli. Mstari wako ukiwa juu karibu na sifuri, unasikia vizuri. Kadiri unavyoshuka, ndivyo sauti inavyopaswa kuwa kubwa zaidi ili ikufikie. Na desibeli hazihesabiki kama shilingi: kila ukiongeza 10, nguvu ya sauti inazidishwa mara 10. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Mashine ya kusaga inaweza kupita 90. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinaweka mpaka kwenye wastani wa desibeli 90 kwa saa 8, na wataalamu wengi duniani hushauri usizidi 85.

Mstari wa Baba ulianza vizuri upande wa kushoto: desibeli 20 kwa hezi 250, na 25 kwa hezi 500. Halafu ukaporomoka kama mtu anayeteremka Mlima Elgon: 35 kwa hezi 1,000, 55 kwa 2,000, na 70 kwa 4,000.

Mtaalamu akachukua kalamu, akachora juu ya grafu ileile umbo la ndizi. "Hapa ndani ya ndizi," akasema, "ndipo maneno ya binadamu yanapoishi." Upande wa kushoto wa ndizi zipo irabu, a, e, i, o, u, pamoja na m na n. Hizi ni sauti nene na zenye nguvu. Upande wa kulia zipo s, f, t, k na wenzake, sauti nyembamba na dhaifu. Mstari wa Baba uliikata ndizi katikati. Nusu ya kushoto anaipata, nusu ya kulia imepotea.

Wasomaji wangu, hapo nilikaa kimya kwa muda. Fikiria lugha yetu. Karibu kila silabi ya Kiswahili inamalizikia kwa irabu, na Lubukusu vivyo hivyo. Kwa hiyo Baba anapata wimbo wote wa sentensi, mapigo yote, kupanda na kushuka kote. Anajua unaongea, anajua umeuliza swali, anajua umekasirika. Lakini "saa", "taa", "faa" na "kaa" zote zinamfikia kama "aa". Na angalia tunavyokanusha: "nitakuja" na "sitakuja" zinatofautishwa na s moja mwanzoni, sauti ambayo nguvu yake nyingi iko juu ya hezi 4,000, kule mstari wake ulikozama.

Ongeza na simu. Simu ya kawaida kwa desturi hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Nilijua jambo hili miaka mingi, ni mambo ya kazi yangu, lakini sikuwahi kuliunganisha na Baba na simu yake ya mulika mwizi. Ile s yangu ilikatwa njiani na mtambo, na kilichobaki kikakatwa na sikio lake. Alipojazia pengo, alijazia kwa neno alilolitamani. Mzazi gani angechagua "sitakuja"?

Kwa nini ni zile nyembamba zinazopotea kwanza? Ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono, tunazaliwa na seli kama 15,000 zenye vinyweleo katika kila sikio. Zile za mwanzoni kabisa, mlangoni, ndizo zinazoshughulikia sauti nyembamba, na ndizo zinazochakaa mapema kwa kelele na umri. Zikifa, haziioti tena.

Aina zenyewe

Haya, sasa tuje kwenye vifaa. Nitavipanga kama mtaalamu alivyonipangia mezani.

1. Cha mfukoni. Hiki ni cha zamani kuliko vyote hapa: kisanduku kidogo kifuani na waya unaopanda sikioni. Wengine hukicheka, lakini kina nguvu nyingi, vitufe vyake ni vikubwa, na hutumia betri za kawaida zinazouzwa kila duka la kijijini. Kwa mtu anayesikia kidogo sana na aliye mbali na mji, bado kina maana.

2. Cha nyuma ya sikio. Mtambo wote unakaa nyuma ya sikio kama kipande cha ndizi mbivu (ndizi tena!), na sauti inapita kwenye mrija hadi ndani. Mwisho wa mrija kuna kipande cha plastiki kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lako wewe, au kikofia chepesi cha mpira. Ni aina imara, inafaa upungufu mdogo hadi mkubwa sana, na ndiyo wanayopewa watoto mara nyingi, kwa sababu mtoto akikua unabadilisha kile kipande cha sikioni tu.

3. Chenye spika ndani ya mfereji. Kinafanana na cha pili, lakini spika imetolewa nyuma na kuwekwa ndani ya mfereji wa sikio, kwa waya mwembamba sana. Ni kidogo, ni safi kwa sauti, na kinapendwa sana siku hizi. Udhaifu wake ni kwamba spika inakaa palepale penye nta na jasho, na ikiziba, kifaa kinakuwa bubu.

4. Cha ndani ya sikio. Hivi hutengenezwa kwa kuchukua umbo la sikio lako. Vipo vinavyojaza bakuli la sikio na vipo vinavyozama mpaka havionekani. Kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo betri inavyokuwa ndogo na nguvu inavyopungua. Tena kinaziba mfereji, na mtu ambaye bado anasikia sauti nene vizuri atahisi anaongea ndani ya mtungi.

5. Cha mfupa. Badala ya kupitisha sauti kwenye tundu la sikio, kinatikisa mfupa nyuma ya sikio na sauti inafika koklea kwa njia hiyo. Ni cha watu ambao masikio yao hutoa usaha kila mara, au waliozaliwa bila tundu la sikio, ilhali koklea yao ni nzima. Kinaweza kushikiliwa na utepe wa kichwani au kufungwa kwa upasuaji.

6. Kipandikizi cha koklea. Hiki ni ndugu wa mbali. Hakikuzi sauti. Daktari anafanya upasuaji na kuingiza nyaya ndogo ndani ya koklea, nazo zinausisimua mshipa wa fahamu kwa umeme. Ni kwa wale ambao kifaa cha kawaida hakiwasaidii. Na wapo viziwi ambao hawahitaji lolote kati ya haya, wana lugha yao kamili. Katiba yetu ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Karibu vyote vinavyouzwa leo ni vya dijitali. Kampuni za Denmark, Oticon na Widex, zilianza kuuza vya dijitali mwaka 1996, na tangu hapo kifaa cha kusikia ni kompyuta ndogo inayofanya hesabu sikioni mwako.

Mikono ya Mzee

Nikadhani sasa ni suala la kuchagua. Mimi nilitaka cha tatu, chenye Bluetooth na programu ya simu. Baba alitaka kile kisichoonekana. "Sitaki watu waone nimevaa redio," alisema.

Mtaalamu hakubishana na yeyote. Akatoa betri ndogo, ile ya namba 312, akaiweka kwenye kiganja cha Baba. "Mzee, nisaidie kuigeuza upande wa pili." Baba akajaribu. Vidole vyake vilivyokomazwa na spana na magunia havikuweza kuishika. Ikaanguka sakafuni. Akajaribu tena, ikaanguka tena. Nilitaka kumwokotea, mtaalamu akanikazia macho.

Halafu akaanza maswali. Bado unaingia kwenye chumba cha kusagia? Ndiyo, kila siku, kumwangalia kijana anayeendesha. Kwa hiyo kuna vumbi la unga na jasho. Umeme unapotea mara ngapi? Acha tu. Nani atakusaidia kukisafisha? Mama. Mikutano yenu ni ndani au chini ya mti?

Jibu likajitokeza lenyewe. Cha nyuma ya sikio, chenye mrija mwembamba na kikofia kilicho wazi, betri namba 13 yenye kibandiko cha rangi ya machungwa. Mtambo wote uko mbali na nta. Kikofia kiko wazi, kwa hiyo sauti nene ambazo Baba bado anazo zinaingia zenyewe, na kifaa kinaongeza zile nyembamba tu. Mrija ukiziba, Mama anapitisha uzi maalumu na kazi imekwisha. Vile vya kuchaji alituambia ni vizuri, hakuna betri ya kuangusha, lakini kwa nyumba ambayo umeme unaweza kukosa siku mbili, si lazima.

Alishauri masikio yote mawili, kwani mtu hutambua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Bei ya kimoja ilikuwa bei ya ndama mzuri. Tulichanga sisi ndugu watatu, na Baba akauza ndama wake mmoja. Tulimkatalia, akasema, "Masikio ni yangu." Hapo akaushinda mjadala.

Sijasahau kwamba wengi hawana ndama wa kuuza. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema watu milioni 430 wanahitaji msaada wa usikivu, na kati ya wanaoweza kufaidika na vifaa, ni asilimia 17 tu wanaovitumia. Kama ni mtoto, uliza kituo cha EARC kilicho karibu nawe. Vituo hivi vya Wizara ya Elimu vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yao ni kuwapima watoto na kuwaelekeza wazazi. Mtoto asisubiri.

Kazi kubwa ni mipangilio

Sehemu hii ndiyo iliyonifurahisha kikazi. Mtaalamu aliunganisha vifaa na kipakatalishi chake na kufungua programu ya Noah, ambayo imetengenezwa na HIMSA ya Denmark, chama cha pamoja cha watengenezaji wa vifaa hivi tangu mwaka 1993. Noah inahifadhi odiogramu ya mgonjwa, kisha unafungua ndani yake programu ya kampuni husika. Odiogramu inaingia kwenye fomula, zinazotumika sana zikiwa NAL-NL2 ya Australia na DSL ya Kanada, na fomula inatoa mapendekezo: kwa hezi hizi ongeza hivi, kwa hezi zile usiguse.

Lakini hakuna kuongeza hivihivi. Kwa sauti nyembamba, sakafu ya Baba imepanda hadi desibeli 70, ila dari yake imebaki palepale, karibu 100. Sufuria bado inamuumiza kama inavyokuumiza wewe. Kwa hiyo kifaa kinapaswa kuzibana sauti zote za dunia ziingie kwenye chumba kifupi: sauti ndogo zipandishwe sana, za kati kidogo, kubwa ziachwe. Kile kikuza sauti changu hakikuwa na habari ya jambo hili. Baba hakuwa mkaidi. Alikuwa anaumia.

Nilimwuliza kama naweza kwenda na nakala ya programu ile nyumbani, nimrekebishie Baba mwenyewe. Akacheka. Programu za kampuni zimefungwa. Wenzangu mnaopenda kuchokonoa mtafurahi kujua ipo openMHA, iliyoanzishwa Oldenburg nchini Ujerumani, na ipo Tympan, vyote vyenye msimbo ulio wazi kwa kila mtu. Nimejifunza mengi kwa kuusoma, lakini siwezi kuujaribia masikioni mwa Baba.

Siku ya kwanza mtaalamu alifunika mdomo kwa karatasi, akasema polepole: saa, taa, faa, kaa. Baba alipata moja. Vikawashwa. Akasita, kisha akauliza, "Nani anakanyaga majani makavu?" Yalikuwa ni karatasi mkononi mwa mtaalamu. Hajawahi kuisikia karatasi kwa miaka mingi. Wala hakufurahi! Alisema inaudhi.

Mtaalamu akasema hilo ni la kutarajia. Aliviweka chini kidogo ya pendekezo la fomula, kwa makusudi, kwani ubongo uliokaa kimya miaka mingi unahitaji majuma ya kuzoea. Avivae nyumbani kwanza, saa chache, na Mama tu. Kisha watu wawili. Kisha kanisani. Soko liwe la mwisho. Tulirudi baada ya wiki mbili akapandisha kidogo, na baada ya mwezi tena. Safari ya tatu, mdomo ukiwa umefunikwa, Baba alipata tatu kati ya nne. "Faa" bado inamkwepa.

Hapa ndipo naona watu wengi wanapoachia njiani. Wananunua kifaa sahihi, kinaudhi siku mbili, kinaingia kwenye kopo. Ni sawa na kununua kompyuta ukaiacha bila kuiwekea programu. Tangu Oktoba 2022 Marekani inaruhusu watu wazima wenye upungufu mdogo au wa kati kujinunulia vifaa dukani bila daktari, na mwaka 2024 hata AirPods Pro 2 za Apple zilipata idhini ya kufanya kazi hiyo kule. Naipenda hatua hiyo, bei zishuke zaidi. Lakini hata kati ya hivyo, vipo vinavyojipima na kujipanga kulingana na masikio ya mvaaji. Vile vya picha ya mzee anayetabasamu, achana navyo.

Ya nyumbani

Mambo madogo mliyoniuliza kwa simu: betri hizi zinapumua hewa. Ukishabandua kibandiko, subiri dakika chache kabla ya kuifunga ndani, na usidhani ukikirudisha itasimama kuisha. Betri namba 13 inamchukua Baba kati ya siku 10 na wiki mbili. Mjini Bungoma tunazipata leo, kesho hatuzipati, kwa hiyo mimi hununua za miezi mitatu. Usiku anafungua kile kimlango cha betri na kuweka vifaa ndani ya kopo lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ndiyo, ni kopo lilelile. Na liko juu ya kabati, kwani wajukuu wakimeza betri hizo ni hatari ya kukimbilia hospitali mara moja.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kimekuwa kizuri. Kwenye matanga yenye vipaza sauti bado anavivua. Watu watatu wakiongea kwa pamoja anapotea. Lakini mwezi uliopita alirudi kwenye kikao cha mpaka wa shamba, akakaa karibu na mzungumzaji, mgongo kwenye ukuta kama alivyofundishwa, na alipoona hajaelewa akasema, "Rudia." Mama anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo hadharani. Vifaa vinaonekana nyuma ya masikio yake, na mzee mwenzake mmoja tayari ameuliza alivipata wapi.

Mimi pia nilipimwa siku ile, kwa utani tu. Mstari wangu umenyooka isipokuwa shimo dogo kwenye hezi 4,000, masikio yote mawili. Mtoto wa poshomili, na miaka 15 ya kuandika programu muziki ukiwa juu masikioni. Nimeshusha sauti. Kijana wa poshomili naye tumemnunulia kinga za masikio, na Baba anahakikisha anazivaa.

Wiki jana nilipiga simu tena. Siku hizi namwambia jambo hilohilo kwa njia mbili, kama alivyoshauri mtaalamu. "Baba, Jumamosi sitakuja. Nina kazi, nitabaki Kitale."

Akanyamaza kidogo, nikaanza kuogopa.

"Nimesikia," akasema. "Hutakuja. Basi jogoo ana bahati."

Jumamosi hii nakwenda. Tutaonana tena nikirudi, wasomaji wangu. Kapimeni masikio.